Mpaka wa Hifadhi Si Mpaka wa Mlima

Kabla Dar es Salaam haijawa mji, watu wa Pwani walikuwa wakipanda Uluguru kuomba mvua. Wazaramo walibeba hidaya, wakashika njia ya magharibi, wakatembea hadi kwenye pango la Kolelo, mzimu mkubwa wa milima ile, uliosemekana kuwa na umbo la nyoka. Mwaka 1905, dawa ya maji ilipoanza kusambaa kusini mwa nchi na Vita vya Maji Maji kulipuka, jina la Kolelo lilikuwa tayari linatajwa kutoka milimani hadi karibu na bahari. Kuhusu mizimu sina la kusema. Ninachokiheshimu katika safari ile ni kwamba wale watu walijua maji yao yanatoka wapi, na hawakwenda huko mikono mitupu.

Sisi tunafungua bomba. Sehemu kubwa ya maji ya Dar es Salaam inatoka Mto Ruvu, kupitia mitambo miwili: Ruvu Juu, pale Mlandizi, na Ruvu Chini, upande wa Bagamoyo. Ikifanya kazi kwa uwezo wake wote, Ruvu Juu inatoa lita milioni 196 kwa siku na Ruvu Chini milioni 270. Oktoba 2022 mvua zilichelewa, mto ukakonda, uzalishaji ukaporomoka hadi kama lita milioni 300 kwa siku, na mgawo ukatangazwa. Waliokuwepo Dar wanakumbuka foleni za madumu na bei ya maboza iliyopanda kila asubuhi. Mtandaoni watu walilaumu mamlaka, wakalaumu pampu, wakalaumu mabomba yanayovuja, wakalaumu wafugaji na wakulima wa kando ya mto. Nilifuatilia mjadala ule nikingoja mtu aitaje milima. Walioitaja walikuwa wachache mno.

Ruvu inazaliwa Uluguru. Mawingu yanayotoka Bahari ya Hindi yanavuka tambarare za Uzaramo yakiwa mazito, yanagonga milima, yanapanda, yanapoa, yanamwaga. Miteremko ya mashariki inapata zaidi ya milimita 2,500 za mvua kwa mwaka, wakati Morogoro mjini, upande wa pili, haifiki hata 1,000. Na mvua ni sehemu tu ya hesabu. Huko juu, kuelekea kilele cha Kimhandu kinachovuka mita 2,600 na uwanda wa Lukwangule, msitu unakaa ndani ya ukungu siku nyingi za mwaka. Magome yamevikwa kijani kibichi kinacholowa na kudondosha maji tone kwa tone hata siku ambayo mvua haikunyesha. Udongo wake ukiukanyaga unabonyea, na ukiinua mguu shimo la kisigino linajaa maji. Ndiyo maana Ruvu inaendelea kutiririka Septemba, wakati tambarare zote zimekauka. Ule udongo unatoa polepole kile ulichopokea Aprili.

Uluguru haiko peke yake. Ni moja ya milima 13 ya Tao la Mashariki, mnyororo unaoanzia Taita nchini Kenya, ukashuka kupitia Upare, Usambara, Nguu, Nguru, Ukaguru na Rubeho, ukaishia Udzungwa na Mahenge. Wageni wengi wanaokuja nchini wanauliza Kilimanjaro, na sisi wenyewe tumeuweka Kilimanjaro kwenye chupa za bia na kwenye pesa. Lakini kwa umri Kilimanjaro ni mtoto. Ni volkano ambayo haijafikisha miaka milioni 3. Miamba ya Tao la Mashariki ina zaidi ya miaka milioni 500, na wanajiolojia wanasema milima yenyewe ilianza kuinuka kwa namna tunayoiona leo angalau miaka milioni 30 iliyopita. Bara lilipopitia vipindi virefu vya ukame na misitu ya katikati ya Afrika ikakatika vipande, milima hii iliendelea kunyeshewa kwa sababu bahari iliyo mbele yake haikubadilika sana. Msitu ukabaki. Wanyama na mimea iliyokuwamo ikabaki pia, kila jamii imefungiwa kwenye mlima wake, na kwa muda mrefu hivyo kila mlima ukazaa viumbe vyake.

Kuna kisa kimoja nakipenda sana. Mwaka 1991, watafiti waliokuwa wamepiga kambi Udzungwa waliona ndani ya sufuria ya mboga miguu ya ndege wasiyemfahamu. Wakamtafuta ndege mwenyewe msituni, wakampata: kwale ambaye hakuwa ameandikwa popote katika sayansi, na ambaye ndugu zake wa karibu wanaishi kwenye misitu ya Asia. Wenyeji, bila shaka, walikuwa wanamla tangu zamani. Uluguru nako kuna kipwe mwenye kichwa cheusi na tumbo la manjano asiyepatikana mahali pengine popote duniani. Na lile ua dogo la zambarau linalowekwa madirishani Ulaya nzima lilichukuliwa Usambara mwaka 1892 na ofisa wa Kijerumani. Ningeweza kuendelea hivi hadi kesho.

Basi, karibu asilimia 70 ya msitu wa asili wa Tao la Mashariki umeshatoweka. Uliobaki, tazama umebaki wapi: juu. Wajerumani, kisha Waingereza, walipochora mipaka ya hifadhi za misitu, walizungushia vichwa vya milima, kule kwenye mwinuko mkali ambako kulima ni taabu. Serikali yetu ilirithi mistari ile na, kwa haki yake, imeiimarisha. Mwaka 2008 misitu ya Uluguru Kaskazini na Kusini iliunganishwa kupitia eneo la Bunduki, ikawa Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru yenye zaidi ya hekta 24,000. Ni kazi kubwa na waliokaa miaka wakiipigania wanastahili shukrani. Lakini mpaka wa hifadhi ukishapita juu ya kijiji, kila kitu kilicho chini yake kinahesabiwa kuwa si mlima tena: ni shamba, ni kiwanja, ni machimbo, ni eneo la uwekezaji. Tunaposema Uluguru umehifadhiwa, tunazungumzia kichwa. Mwili uko sokoni.

Mimi ni mtoto wa Morogoro, mji kasoro bahari. Mji wangu umelala miguuni mwa mlima kiasi kwamba ukipotea njia unatazama juu tu, unajua uko wapi. Zamani nyumba ziliishia pale ambapo mteremko unaanza kukaza. Sasa Bigwa, Kilakala, Kigurunyembe, kote nyumba zinapanda. Nimeona jinsi shamba linavyogeuka viwanja, na haichukui muda. Mwenye shamba ana mtoto anayetakiwa kulipiwa ada au mgonjwa hospitali. Dalali anakuja na mteja kutoka Dar anayetaka hewa safi na mandhari. Wanaandikishana karatasi mbele ya viongozi wa mtaa, shahidi wa huyu na shahidi wa yule. Wiki inayofuata kijiko kinapanda, kinakata kilima kama anayekata mkate, kinatandaza ngazi ya kuwekea nyumba, na udongo wote uliokatwa unasukumwa chini. Hakuna ukuta wa kuuzuia, hakuna mfereji. Mvua ya kwanza ya vuli inaubeba hadi kijito. Kijito kinaupeleka Mto Morogoro, Mto Morogoro unaingia Ngerengere, Ngerengere inaingia Ruvu. Yule bwana aliyejenga juu ili apate hewa safi anarudi Dar Jumatatu na kufungua bomba lenye udongo wa kiwanja chake.

Sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo za mto na vyanzo vya maji. Mita 60 kwenye mteremko wa Uluguru, uliojaa vijito, ni sehemu kubwa sana ya mteremko. Ingetekelezwa ilivyoandikwa, nusu ya mjadala huu usingekuwepo. Niliwahi kumuuliza ofisa mmoja wa ardhi (sitamtaja, na ofisi yake siitaji) kwa nini viwanja vinapimwa kwenye ukingo wa kijito ninachokijua tangu utotoni. Akanionyesha ramani. Kijito hakikuchorwa.

Halafu kuna mchanga na kokoto. Tukisikia neno uchimbaji, akili inakimbilia dhahabu, lakini kilichochimbua milima yetu kila siku kwa miaka yote ni ujenzi. Kila ghorofa na kila barabara ya lami ni mlima wa mtu fulani uliovunjwa. Kando ya barabara ya kwenda Matombo nilikaa na mama mmoja anayeponda kokoto. Amejengea kibanda cha matawi, amekalia kiroba kilichojazwa nyasi. Mbele yake kuna jiwe kubwa la kupondea. Anachukua kipande cha mwamba, anakizungushia duara la mpira uliokatwa kwenye tairi kuukuu ili vipande visimrukie, anashika mpini wa mpira kwa mkono wa kushoto, na nyundo inashuka kwa wa kulia. Pigo tatu, nne, anamwaga, anachukua kingine. Kucha za mkono wa kushoto zimekuwa nyeusi. Kokoto anazipima kwa ndoo, na lori likija ndipo anapolipwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kununua au kupiga picha?"

Nikamwambia sijaja kwa vyote viwili, nimekuja kuuliza mawe yanatoka wapi. Akanyoosha nyundo kuelekea kilima nyuma yake. Vijana wanachoma moto juu ya mwamba usiku kucha, asubuhi wanaumwagia maji, mwamba unapasuka, wanauteremsha kwa matoroli. Nikamuuliza kama kilima kitaisha. "Kitaisha," akasema bila kusita. "Tulianza na kile pale." Mahali alipoonyesha palikuwa na shimo lililojaa maji na magugu.

Sitaki mjadala wa kulinda milima unaomfanya huyu mama kuwa adui. Anapata fungu dogo kabisa la thamani ya jiwe lile. Mwenye lori anapata zaidi yake, mwenye duka la vifaa zaidi ya mwenye lori, mkandarasi zaidi ya wote, na mwenye nyumba anaishi ndani yake. Na mchanga ndiyo mbaya zaidi kwa sababu unachukuliwa mtoni. Tipa zinaingia alfajiri. Ukichota mchanga, sakafu ya mto inashuka, kingo zinabaki juu bila kiegemeo, mvua ikija zinaanguka na mashamba yaliyo juu yake. Mwenye shamba lililoliwa na mto anahamia wapi? Anapanda juu, kuelekea mpaka wa hifadhi. Halafu anakamatwa kwa kuvamia msitu.

Dhahabu nayo ina kisa chake, na kisa hicho kiko Usambara Mashariki. Mwishoni mwa mwaka 2003 habari zilisambaa kwamba Sakale, karibu na Amani, kuna dhahabu. Wachimbaji wanaita hali hiyo rashi, na rashi haina subira: simu moja tu, na watu wanapanda basi kutoka Mererani, kutoka Geita, kutoka kila mahali. Maelfu walifika kwenye vijiji ambavyo havikuwa na vyoo wala chakula cha kuwatosha. Dhahabu ya kule ilikuwa kwenye udongo wa vijito, kwa hiyo walichimba palepale ambapo maji yanapita, wakang'oa mizizi, wakaosha mchanga ndani ya kijito. Amani ilikuwa imetangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997, ya kwanza nchini. Na maji ya vijito vile yanaingia Mto Zigi, na Zigi inajaza Bwawa la Mabayani, na Mabayani ndilo linaloinywesha Tanga mjini. Mtu aliyesafisha mchanga Sakale alikuwa anausafishia ndani ya kikombe cha mtu wa Ngamiani.

Serikali iliingilia kati, uchimbaji ukapigwa marufuku, watu wakaondolewa. Wengine walirudi kimyakimya miaka iliyofuata, kama ilivyo kawaida penye dhahabu. Kinachonisumbua ni kwamba Tanga ilipata bahati. Dhahabu ya Sakale ilikuwa chache na mchimbaji alikuwa na sululu. Siku mlima wa Tao la Mashariki utakapogundulika una madini mengi, na mchimbaji ana leseni, mitambo na mwanasheria, haitakuwa rahisi kama kufukuza watu.

Siku hiyo imeshafika Mahenge. Huko chini ya ardhi kuna kinywe, madini meusi yanayotengeneza betri za magari ya umeme, na kampuni za nje zimeshaingia. Moja ya miradi iko Epanko, mahali ambapo watu wanaishi, kwa hiyo mazungumzo ya madini pale ni mazungumzo ya fidia, makaburi na kuhamishwa. Najua hoja ya upande wa pili na ina uzito: dunia inataka kuacha mafuta, betri zinahitaji kinywe, na wilaya ya Ulanga ni maskini kwa muda mrefu kuliko inavyostahili. Sisemi kila jiwe libaki lilipo. Nasema mteremko unaomwaga maji Kilombero usipigiwe hesabu kama vile ni jangwa. Mto Kilombero, unaonyweshwa na Udzungwa upande mmoja na Mahenge upande mwingine, unabeba zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji, na Rufiji ndiyo tumeijengea Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115. Thamani ya kinywe inaandikwa kwenye mkataba hadi senti ya mwisho. Maji ya Mahenge yanaandikwa wapi?

Mto Kihansi ungetufundisha. Kwenye maporomoko ya mto ule, Udzungwa, kulikuwa na chura mdogo wa manjano anayezaa watoto hai, aliyeishi kwenye manyunyu ya maporomoko peke yake. Mwaka 2000 bwawa la umeme la megawati 180 lilikamilika, maji yakahamishiwa kwenye handaki, manyunyu yakakatika. Ilibidi baadhi ya vyura wapelekwe Marekani kulelewa kwenye bustani za wanyama na mabomba ya kunyunyizia yafungwe bondeni. Mwaka 2009 alitangazwa kutoweka porini, na kuanzia 2012 wakaanza kurudishwa. Mradi ule haukuwa wa wizi. Karatasi zake zilikuwepo. Chura alijulikana wakati ujenzi umeshapamba moto, na kufikia hapo hakuna aliyekuwa tayari kuuliza upya.

Wale wanaodhani chini ya mpaka wa hifadhi kuu hakuna cha kupoteza, nawaomba waende Kimboza. Ni kipande kidogo cha msitu kwenye miguu ya Uluguru mashariki, juu ya mawe ya chokaa, kando ya barabara hiyohiyo ya Matombo na Kisaki. Zamani msitu wa aina hii ulienea zaidi kwenye miguu ya mlima. Sasa vimebaki vipande. Ndani yake kuna mikadi pori yenye majani marefu ya miiba, na ukisimama bila kutikisika, ukatazama pale majani yanapoungana na shina, utamwona mjusi mdogo kuliko kidole chako, dume lake la buluu kali kama rangi ya kopo. Hapatikani popote duniani isipokuwa Kimboza na misitu michache ya jirani. Maelfu walikamatwa na kuuzwa Ulaya na Marekani kama wanyama wa kufuga, mpaka mwaka 2016 biashara yake ya kimataifa ilipopigwa marufuku. Ili kuwakamata, watu walikata mikadi. Na mawe ya chokaa yaliyo chini ya miguu yake ni aina ileile inayosagwa kutengeneza saruji.

Sasa nifike kwenye neno langu. Milima hii haitalindwa kwa kumfukuza mtu wa mlimani, na hili si wazo jipya, limeshajaribiwa. Miaka ya 1950 Waingereza walianzisha mpango wa ardhi Uluguru. Waliona mmomonyoko, na walichokiona kilikuwa kweli. Dawa yao ilikuwa kulazimisha kila kaya kuchimba matuta. Udongo wa rutuba wa Uluguru ni mwembamba. Matuta ya ngazi yaliugeuza chini juu, mahindi yakatoka dhaifu, na asiyechimba alipigwa faini. Kulikuwa na jambo jingine ambalo mabwana shamba hawakulielewa: ardhi ya Waluguru inakwenda kwa ukoo wa mama, na wengi wanalima ardhi ya kuazima. Anayechimba matuta au kupanda miti ya kudumu kwenye ardhi ya ukoo mwingine anaonekana anaitaka iwe yake. Mwaka 1955, hasa upande wa Matombo, watu waligoma, vurugu zikazuka, polisi wakaletwa, na mpango ukafa. TANU, iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja, ilipata wanachama wengi milimani kutokana na matuta yale. Hadi leo wapo wazee Uluguru ambao neno la mtaalamu wa hifadhi linawakumbusha faini.

Miaka kama hamsini baadaye, matuta yalirudi. Mashirika ya CARE na WWF yalikwenda Kibungo Juu, kwenye vijiji vinavyomwaga maji yao Mto Mfizigo, tawi la Ruvu, wakiwa na pendekezo tofauti: wanaokunywa maji wamlipe anayeyatunza. Shirika la maji la Dar es Salaam la wakati ule, DAWASCO, pamoja na Coca-Cola Kwanza, walikubali kuwa wanunuzi. Wakulima walichimba matuta ya aina ya fanya juu na fanya chini, wakapanda miti na majani ya kushika udongo, shamba likapimwa, kila mtu akalipwa kulingana na alichokifanya. Milima ileile, udongo uleule mwembamba, watoto na wajukuu wa waliogoma. Safari hii walichimba kwa hiari, na waliopewa mbolea ya samadi na ushauri wa mazao walivuna zaidi. Malipo yenyewe yalikuwa madogo, na wanunuzi walikuwa wawili tu. Muda wa mradi ulipokwisha, mpango haukugeuka kuwa sheria wala sehemu ya bili.

Tanga imeshika uzi huo kwa namna yake. Kule kuna UWAMAKIZI, umoja wa wakulima wa mabonde ya Kihuhwi na Zigi, na mamlaka ya maji ya Tanga inafanya kazi nao, kwa sababu imeelewa kuwa kusafisha tope kwenye mtambo ni ghali kuliko kulizuia shambani. Hicho ndicho Dar, yenye mamilioni ya wateja, ingeshindwaje kukifanya?

Ninachotaka ni mambo ambayo yanawezekana kesho asubuhi. Kwanza, kwenye kila bili ya maji ya Dar es Salaam, Pwani na Morogoro uwepo mstari mmoja wenye jina la Uluguru na kiasi kinachokwenda huko, mteja akione, na kijiji kinachopokea kibandike ukutani kilichopokea. Viwanda vya soda, bia na maji ya chupa vilipe kwa kiwango chao, kwa sababu vinayauza tena maji yaleyale. Halmashauri zichore ramani ya vijito vyote, hata kile ninachokijua tangu utotoni, na kiwanja chochote kilichomo ndani ya mita 60 kisipewe kibali cha ujenzi, awe mnunuzi ni mwalimu au waziri. Mchanga na kokoto viwe na maeneo yaliyotengwa mbali na mito, na ushuru unaokusanywa barabarani kwenye malori urudi kufukia mashimo. Mama wa kokoto awe wa kwanza kupewa kazi hiyo, anayajua mashimo kuliko yeyote. Na leseni ya madini kwenye mlima wowote wa Tao la Mashariki isitolewe kabla wanaokunywa maji yake bondeni hawajaulizwa, kwa sababu kwa sasa anaulizwa mwenye nyumba inayobomolewa peke yake.

Watanijibu kwamba bwawa linakuja. Ni kweli, Kidunda limesubiriwa kwa miongo mingi na sasa linajengwa kwenye Mto Ruvu, chini ya Uluguru, ili Dar isirudie Oktoba ya 2022. Nimefurahi kuliona linainuka. Lakini bwawa halitengenezi maji, linayaweka tu, na linaweka pia kila kitu kilichokuja nayo. Mindu, linalohudumia Morogoro, limekuwa likipoteza kina kwa tope mbele ya macho yetu. Mfizigo unaingia Ruvu juu ya Kidunda. Wakulima wa Kibungo Juu bado wapo, matuta waliyochimba mengine bado yanaonekana, na mkataba wao ulikwisha. Mkataba mpya uandikwe nao sasa, wa miaka mingi kama umri unaotarajiwa wa lile bwawa, na fedha zake zitoke kwenye bajeti ileile inayonunua saruji ya ukuta.